Kava la kopo kutoka Ngamiani: hoja si unene, hoja ni kubana

Kava la kopo ninalolijadili hapa hushonwa katika karakana ndogo ya cherehani huko Ngamiani, jijini Tanga, na huuzwa shilingi 7,000 likiwa jeusi tupu, au shilingi 8,500 likiwa limevishwa kipande cha kanga kwa nje. Ni kifuko laini cha mpira wenye povu, kilichokatwa kwa kipimo cha kopo fupi la soda, malti au bia la mililita 330, chenye kitako cha duara na mdomo ulioachwa wazi ili mtu anywe bila kulitoa kopo ndani yake. Nimelitumia tangu kaskazi ilipoanza kuvuma, na katika muda huo nimelilinganisha na makava mengine mawili yanayopatikana hapa mjini, moja la ukili lenye sponji ndani na jingine la chuma cha pua lenye kuta mbili. Kwa maoni yangu kava la Ngamiani linastahili bei yake kwa mtu anayekunywa kopo fupi, ingawa lina kasoro mbili za ushonaji ambazo kuzirekebisha hakumgharimu fundi chochote. Nitaeleza kwa kirefu kidogo kwa nini ninalipima kwa namna ninavyolipima, kwa sababu wanunuzi wengi niliowaona pale karakanani huchagua kava kwa kulibonyeza kwa vidole na kuuliza kama hakuna jingine nene zaidi, na swali hilo si ndilo linalopaswa kuulizwa kwanza na mtu anayeishi pwani.

Kopo la kinywaji halikutengenezwa ili litunze ubaridi. Ukuta wake ni wa alumini yenye unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, na alumini ni miongoni mwa metali zinazopitisha joto kwa wepesi mkubwa, hivyo kopo linalopoa upesi ndani ya deli la barafu hupata joto upesi vilevile likishawekwa mezani. Hilo hufahamika na kila mtu. Jambo linalosahaulika ni yale maji yanayotiririka ubavuni mwake, ambayo tunayaita jasho na kuyahesabu kuwa kero ya kulowesha meza na karatasi, ilhali hayo ndiyo dalili ya mlango mkubwa ambao joto linaingilia. Mvuke ulio hewani unapogusa kitu baridi na kugeuka kuwa maji, huachia joto lililoufanya uwe mvuke hapo mwanzo, na kiasi chake si kidogo: gramu moja ya mvuke inayogeuka maji huachia zaidi ya jouli 2,400, ambazo zinatosha kupandisha joto la kinywaji cha mililita 330 kwa karibu nyuzi 1.8.

Jambo hili limepimwa na watu wenye ujuzi nalo. Mwaka 2013 wanasayansi wawili wa hali ya hewa katika Chuo Kikuu cha Washington kilichoko Seattle, Marekani, Dale Durran na Dargan Frierson, waliandika katika jarida la Physics Today kuhusu majaribio waliyoyafanya kwa makopo ya vinywaji, na wakaonyesha kwamba utando wa maji wenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, ukishatanda juu ya kopo zima, huwa umekwisha kukipa kinywaji joto la takriban nyuzi 5. Katika siku ya joto yenye unyevu mwingi, joto linaloletwa na maji hayo linaweza kulizidi lile linaloingia kwa sababu tu hewa ina joto kuliko kopo. Kutokana na hayo walihitimisha kwamba kazi kubwa ya kava katika hali kama hiyo ni kulizuia kopo lisitoke jasho, na kwamba kulikinga na joto la hewa ni kazi ya pili.

Tuihamishie hesabu hiyo Raskazone, ufukweni hapa Tanga, saa nane mchana, upepo wa kaskazi ukiwa umelegea. Hewa ikiwa na nyuzi 31 na unyevu wa asilimia 75, hali ambayo kwetu haimshangazi mtu, kitu chochote chenye joto la chini ya nyuzi 26 kitaanza kutoka jasho, na kopo lililotolewa kwenye deli likiwa na nyuzi 5 liko nyuzi 21 chini ya mpaka huo. Mtu wa Lushoto kwenye milima yenye baridi, ambaye ni wa mkoa wetu lakini hewa yake ni nyingine kabisa, anaweza kuinywa soda yake taratibu huku akizungumza. Sisi wa mjini Tanga, na vivyo hivyo ndugu zetu wa Pangani na Bagamoyo, tusipolivalisha kopo tunamaliza kinywaji cha uvuguvugu, na nadhani ndiyo sababu moja inayowafanya wengi waendelee kumimina kila kitu kwenye glasi iliyojaa barafu, hata kama barafu hiyo inaizimua malti mpaka inapoteza ladha.

Hapo ndipo hoja ya unene inapoishiwa nguvu. Ili uso wa nje wa kava la mpira wa povu ubaki mkavu kabisa katika hali niliyoieleza, lingehitajika lenye unene wa takriban sentimita 2 kila upande, na kopo lenye kipenyo cha milimita 66 lingegeuka mzigo wa zaidi ya sentimita 10 ambao mkono wa kawaida hauwezi kuukumbatia. Kava lolote laini, kwa hiyo, litalowana kidogo kwa nje katika msimu huu, na muuzaji anayeahidi kwamba meza haitapata tone anauza maneno. Tofauti iliyopo ni ya mahali joto la mvuke linapoachwa. Kwenye kopo lililo tupu linaachwa juu ya alumini na kuingia moja kwa moja kwenye kinywaji, lakini kwenye kopo lililovishwa sawasawa linaachwa juu ya mpira wa nje, ambako linapaswa kupenya tabaka la povu kabla ya kukifikia kinywaji, na sehemu yake kubwa inarudi hewani. Masharti ya mpango huo ni mawili tu: hewa yenye unyevu isipate njia ya kuifikia alumini, na povu lenyewe lisinywe maji.

Nianze na sharti la pili, kwa kuwa fundi amelitimiza kwa kuchagua mali nzuri. Mpira anaoutumia ni neoprini, uliotokana na kazi ya maabara ya kampuni ya DuPont ya Marekani mwaka 1930, na uliopata matumizi mapya baharini katika miaka ya 1950 pale Hugh Bradner, mwanafizikia wa California, alipoutumia kubuni nguo za wapiga mbizi. Ukitiwa povu, neoprini huwa na viputo vya gesi ambavyo kila kimoja kimefungwa peke yake, hivyo maji hayatoki kiputo hiki kwenda kile kama yanavyofanya katika sponji ya godoro. Fundi wa Ngamiani hanunui mpira mpya. Hukata nguo kuukuu za kupigia mbizi zinazopatikana ndani ya mabelo ya mitumba, ambazo mnunuzi wa kawaida wa mitumba hazitaki kwa sababu hajui azivae wapi, na ubunifu huo peke yake unastahili pongezi.

Ubunifu huo una gharama zake, hata hivyo. Nguo hizo hutengenezwa kwa unene tofauti, mara nyingi milimita 3, 5 au 7, na iliyotumika miaka mingi chini ya maji huwa imegandamizwa mpaka viputo vyake vimesinyaa. Makava mawili yaliyolala pamoja kwenye meza ya fundi yanaweza kuwa na rangi moja na bei moja huku moja likiwa na povu hai na jingine likiwa limebaki mpira mtupu. Hapo, na hapo tu, kubonyeza kwa vidole kuna maana: mpira mzuri hurudi mahali pake mara tu unapouachia, na uliochoka hubaki na alama ya kidole. Kava langu lina unene wa milimita 4 hivi, limekatwa kutoka sehemu ya paja, na upande mmoja bado lina nusu ya herufi ya maandishi ya zamani ambayo hakuna anayeweza kuyasoma. Mwenzangu aliuziwa lililokatwa sehemu ya goti, lenye kipande cha mpira mgumu kilichobandikwa, na hilo halikunjiki wala halibani.

Sharti la kwanza, la kuinyima hewa njia, linategemea vipimo na mshono, na hapa ndipo fundi amenifurahisha zaidi na kuniudhi zaidi kwa wakati mmoja. Kopo fupi la mililita 330 lina kipenyo cha milimita 66 na kimo cha milimita 115, na mzingo wake ni milimita 207. Fundi amekata kipande chake kikiwa pungufu kiasi kwamba kikishaungwa, mzingo wa ndani hauufikii huo kwa karibu sentimita moja, na hivyo mpira hulazimika kuvutika ndipo kopo liingie. Fundi mwingine angeuona upungufu huo kuwa kosa la kipimo. Kwa kweli ndio moyo wa kazi nzima, kwa sababu mpira uliovutika huilalia alumini bila kuacha hata upenyo wa unywele, na hewa haina pa kupita. Mdomo wa juu nao umekatwa mwembamba zaidi kuliko mwili, ukafika kwenye bega la kopo, pale linapoanza kupungua kuelekea kwenye kifuniko, na hapo unabana kwa mara ya pili.

Mshono wa ubavuni umefanywa kwa uangalifu ambao sikuutarajia kwa bei hii. Kingo mbili za mpira zimekutanishwa ana kwa ana bila kupandiana, zikatiwa gundi, kisha zikashonwa kwa zigizaga kwa uzi wa nailoni, hivyo kwa ndani hakuna tuta. Wangekuwa wengi ambao wangepitisha ovaloki, ule mshono wa mashine unaozungushia kingo mbili zilizopangwa pamoja, na kumaliza kazi kwa nusu dakika, na ovaloki ingeacha ukingo mnene unaosimama wima ndani ya kava kuanzia juu hadi chini, ambao ungelisukuma kopo upande na kuacha mfereji pembeni yake.

Ajabu ni kwamba ovaloki hiyohiyo iliyoepukwa ubavuni imetumika kwenye kitako. Duara la chini limeungwa na mwili kwa ukingo mnene uliogeuziwa ndani, na matokeo yake kopo halikai juu ya kitako bali juu ya ukingo huo, likiacha nafasi chini yake. Kopo lenyewe chini yake limebonyea kuelekea ndani na husimama juu ya pete nyembamba tu, kwa hiyo nafasi hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kisha kuna tundu. Makava mengi laini yenye kitako huwekewa tundu dogo katikati, na lazima yawe nalo, kwa kuwa bila tundu hewa hubanwa chini wakati wa kuingiza kopo na hulinyonya wakati wa kulitoa. Nilipomuuliza fundi kuhusu upana wa tundu lake, ambalo kipenyo chake kinakaribia sentimita 3, alinijibu bila kuinua macho kwenye cherehani: «Kaka yangu, bila tundu hilo utang'ang'ana na kopo mpaka soda ikumwagikie.» Ana haki kuhusu tundu, ila hana haki kuhusu sentimita 3, kwa maana sentimita moja inatosha kupitisha hewa yote inayohitaji kupita.

Upana huo una madhara makubwa kuliko mtu anavyodhani, hasa pale kava linapopwaya. Hewa iliyopozwa ni nzito kuliko hewa ya joto, hivyo ikiwapo nafasi kati ya kopo na mpira, hewa inayopoa kwa kuigusa alumini huteremka na kutokea chini tunduni, na nyingine yenye joto na unyevu huvutwa kwa juu kuchukua nafasi yake, ikaacha maji yake juu ya kopo, ikapoa, ikateremka, na mwendo huo ukaendelea kwa muda wote ambao kopo limeshikwa mkononi au limening'inizwa. Kava la namna hiyo linakuwa bomba la kulipelekea kopo unyevu mpya. Likiwekwa juu ya meza tambarare tundu huzibika na mwendo hupungua, lakini ni nani anayekunywa soda ikiwa mezani muda wote? Nafasi yenyewe bila mwendo wa hewa si tatizo, kwa kuwa lita nzima ya hewa ya kwetu, katika hali niliyoitaja, hubeba takriban gramu 0.024 tu za mvuke, na hewa kidogo iliyonaswa kati ya kopo na kava ikishaacha mvuke wake haina kingine cha kuleta. Madhara yote huanzia pale hewa inapoweza kuingia na kutoka.

Hili linatufikisha kwenye makopo membamba, ambayo yanazidi kuonekana madukani. Kopo jembamba la mililita 330 lina ujazo uleule lakini kipenyo chake ni takriban milimita 58 na kimo chake ni takriban milimita 146, na yale madogo ya mililita 250 yanayotumika kwa vinywaji vya kuongeza nguvu yana kipenyo cha milimita 53 hivi. Ukilitumbukiza kopo jembamba katika kava la kopo fupi, linacheza humo kama kichwa cha mtoto ndani ya kofia ya babu yake, likiwa na nafasi ya milimita kadhaa kila upande na sehemu kubwa ya juu ikiwa nje. Karakanani hakuna anayekuonya kuhusu hilo. Kava huuzwa kama «kava la kopo», na mnunuzi anaachwa agundue mwenyewe nyumbani kwamba kopo lake si kopo lililokusudiwa.

Nilivipima vinywaji kwa kipimajoto cha jikoni, kivulini, upepo ukiwa mdogo, vyote vikianza na nyuzi 5. Baada ya nusu saa kopo fupi lisilovishwa chochote lilikuwa limefika karibu nyuzi 19, na chini yake kulikuwa na kidimbwi. Kopo fupi ndani ya kava la Ngamiani lilikuwa na nyuzi 13 hivi, na kava lilikuwa na ubichi kwa nje bila kudondosha. Kopo jembamba ndani ya kava hilohilo, likiwa limeshikwa mkononi kwa muda mwingi, lilikuwa limeipita nyuzi 16, kiasi kwamba zaidi ya nusu ya faida ilikuwa imepotea ingawa mpira ni uleule na unene ni uleule. Vipimo vya jikoni si vya maabara, na siku yenye upepo mkali au jua la moja kwa moja ingetoa namba nyingine, lakini mpangilio wake haukubadilika kila niliporudia, na unaonyesha kwa nini ninasisitiza kubana kuliko unene.

Kuhusu kava la ukili sitasema mengi. Ni zuri kwa macho, limesukwa kwa mkono imara na kutiwa rangi za kuvutia, na mgeni anayetaka kumbukumbu ya pwani atalipenda. Kwa kazi ya kutunza ubaridi halifai. Ukili una matundu kila miyaa inapopishana, na ndani yake umewekwa sponji ya kawaida ya godoro ambayo viputo vyake vimeungana, hivyo unyevu hupenya, hugeuka maji juu ya kopo, na maji hayo hunywewa na sponji. Sponji kavu huzuia joto kwa sababu imejaa hewa tuli, lakini maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa hiyo, kwa hiyo baada ya kopo la kwanza kava huanza kufanya kazi kinyume na lilivyokusudiwa. Likiachwa bila kuanikwa hushika ukungu na harufu. Aliyelisuka angelipwa vizuri zaidi kama lingeuzwa kama pambo, au kama angelisuka juu ya mpira wa fundi wa Ngamiani badala ya sponji, na ningependa kuuona ushirikiano huo.

Kava la chuma cha pua ni mchezo mwingine. Kuta zake mbili zina ombwe katikati, yaani nafasi iliyoondolewa hewa, kwa kanuni ileile ya chupa ya chai ambayo asili yake ni chombo alichokibuni James Dewar mwaka 1892, na kopo likishatumbukizwa hufungwa kwa juu na pete ya mpira inayolizunguka bega lake. Ndani yake kuna nafasi kati ya kopo na chuma, lakini pete huifunga hewa isitembee na chini hakuna tundu, kwa hiyo nafasi hiyo haina madhara. Baada ya nusu saa kinywaji kilikuwa na nyuzi 8, na kwa nje kava lilikuwa kavu kabisa, jambo ambalo kava laini haliwezi. Joto dogo lililoingia lilipitia kwenye kifuniko cha kopo kilichobaki wazi. Bei yake dukani ilikuwa shilingi 38,000. Ni zito, halikunjwi likatiwa mfukoni, likianguka baharini huzama, na nililoliona mimi hupokea kopo fupi peke yake. Mwenye mgahawa wa ufukweni anayehudumia wageni wanaokaa saa nzima juu ya kinywaji kimoja ana sababu ya kulinunua. Mtu anayekwenda Sahare jioni na wanawe hana.

Nirudi kwa fundi wetu, kuhusu toleo la kanga. Kipande cha kanga kilichoshonewa nje kinapendeza, na fundi huchagua sehemu ya pindo ili mapambo yazunguke kava vizuri, lakini pamba hunywa ule ubichi wa nje na kuuweka hapo, hivyo mkono hushika kitambaa kilicholoa, na baada ya siku chache za kaskazi kitambaa huanza kunuka. Pia uzi ulioshikiza kanga umepitishwa ndani ya mpira kwa mistari miwili, na kila tundu la sindano ni kiputo kilichotobolewa bila sababu. Shilingi 1,500 za ziada ni za urembo tu. Kama urembo unatakiwa, ningependelea fundi akishikize kitambaa juu na chini peke yake, au afanye kanga iwe soksi ya kuvua, ili ifuliwe na kuanikwa mbali na kava.

Kulisafisha kava jeusi ni rahisi. Linageuzwa ndani nje, linasuuzwa kwa maji baridi yenye sabuni kidogo, na linaanikwa kivulini. Jua kali na maji ya moto huchakaza mpira wa neoprini, na gundi ya mshono huachia mapema zaidi, kwa hiyo wale wanaoliacha juu ya dashibodi ya gari wasimlaumu fundi. Maji ya chumvi hayalidhuru likisuuzwa baadaye. Mshono wangu wa ubavuni haujaachia hata uzi mmoja, na kwa namna ninavyolivuta kila ninapoingiza kopo, hilo linasema mengi kuhusu zigizaga na gundi kufanya kazi pamoja.

Huduma ya karakana ni ya heshima, na haina haraka. Fundi hufanya kazi peke yake na kijana mmoja, cherehani zikiwa mbili, na mchana wa Ijumaa hufunga kwenda msikitini, kwa hiyo anayetoka mbali asipange kufika saa hizo. Makava yaliyo tayari yanachukuliwa papo hapo, na oda huchukua siku mbili au tatu kulingana na mpira uliopo. Nilipomrudia na kumweleza habari ya tundu, hakubishana sana. Alilikagua kava, akalishika kwa mwanga, akakata kiraka cha duara chenye tundu la sentimita moja na kukibandika kwa gundi juu ya lile la zamani bila kunitoza, huku akisema kwamba watu wanapenda tundu kubwa kwa sababu maji yakiingia hutoka upesi. Kuhusu ovaloki ya kitakoni alikuwa na sababu ya kueleweka zaidi: mshono wa ana kwa ana kwenye duara dogo unahitaji mkono kugeuza kazi polepole chini ya sindano, na kwa shilingi 7,000 muda huo haulipi. Nilimpa wazo la kuugeuzia ukingo huo nje badala ya ndani, jambo ambalo halihitaji muda wowote wa ziada, kwani kava likipungua uzuri kidogo lakini kopo likakaa juu ya kitako chake, mnunuzi atakuwa amepata zaidi. Alisema atajaribu kwa moja kwanza alione linavyoonekana.

Kwa anayetaka kuagiza, ushauri wangu ni kwamba aende na kopo lenyewe, likiwa tupu na halijabonyea, na asitegemee kutaja mililita, kwa kuwa makopo mawili ya mililita 330 yanaweza kutofautiana kipenyo kama nilivyoeleza. Fundi hana kiolezo cha kopo jembamba, na ataukata mzingo kwa kulizungushia mpira kopo uliloleta, kwa bei ileile. Aombe kipande cha sehemu ya mgongo au paja la nguo, akibonyeze kabla hakijakatwa, na ataje upana wa tundu kabla fundi hajashika mkasi. Anayekunywa kopo refu la mililita 500 hahitaji mzingo mpya, kwa sababu kipenyo chake ni kilekile cha milimita 66 na kinachobadilika ni kimo, ambacho hufika takriban milimita 168. Kwa mpira unaoongezeka fundi hutoza shilingi 2,000 zaidi, na hiyo ndiyo oda niliyoiacha mezani kwake, ukingo wa kitako ukiwa umechorwa kwa chaki kuonyesha ugeukie upande gani.